SOMO LA WIKI: "Nikiufunga Ukurasa, Nimweke Wapi?"

Maandiko ya kusoma nyumbani: Ayubu 2:11-13, Yohana 11:17-44, 1 Wathesalonike 4:13-18



Somo la leo naanza kwa kuungama. Juni 2024 nilikwenda kumwona mama mmoja wa kanisa letu hapa Mkomani. Mumewe aliuawa Mpeketoni. Wengi wenu mnaukumbuka usiku ule wa Jumapili, 15 Juni 2014, watu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Usiku huo na uliofuata, zaidi ya watu 60 waliuawa pale mjini na vijiji vya jirani, wengi wao wanaume. Mama huyu aliliacha shamba, akavuka kutoka Mokowe kuja kukaa na binti yake kisiwani.

Basi ilikuwa imetimia miaka 10, naye bado analia kila Juni. Mimi nilisomea biashara. Nilifundishwa kwamba mwaka ukiisha, hesabu hufungwa na daftari jipya hufunguliwa. Nikamwambia, "Mama, miaka kumi sasa. Mungu ana makusudi. Ufunge huo ukurasa."

Akaniangalia kwa upole, akasema, "Pasta, nikiufunga, nimweke wapi?"

Sikuwa na jibu. Tukiwa kimya hivyo, jirani yake akabisha hodi, bibi mtu mzima ambaye si wa imani yetu. Amebeba sinia la mahamri na mbaazi. Akasema neno moja tu, "Makiwa, mwenzangu," akaketi mkekani, akamshika mkono. Neno hilo limebeba ukiwa ndani yake: ni kama kumwambia mtu, nauona upweke wako. Siku hiyo aliyefariji ni yeye. Mimi mwenye Biblia mkononi nilikuwa nimeongeza mzigo tu.

Nikarudi nyumbani kusoma upya. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. Kulia si kukosa imani.

Yesu alifika Bethania akijua kabisa kwamba Lazaro atatoka kaburini muda si mrefu. Hata hivyo, alilia (Yohana 11:35). Hakumwambia Mariamu anyamaze. Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika; aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini. Hayo ni mambo mawili tofauti. Basi tuache ile tabia ya kumwambia mfiwa, "Jikaze, wewe umeokoka." Kuokoka hakuugeuzi moyo kuwa jiwe.

2. Aliyeondoka hafidiwi.

Hapa niruhusuni nipige hesabu kidogo. Mwisho wa kitabu cha Ayubu, Mungu anamrudishia mali maradufu. Kondoo 7,000 wakawa 14,000. Ngamia 3,000 wakawa 6,000. Lakini watoto? Alifiwa na 10, akazaa 10, si 20. Kwa nini? Mimi naona hivi: ngamia aliyekufa amekwisha, lakini watoto wale wa kwanza hawakutoka kwenye hesabu ya Mungu. Ayubu bado ni baba yao. Kwa hiyo usimwambie mama aliyefiwa na mtoto, "Utapata mwingine." Mtoto si ngamia.

Na Zaburi 56:8 inasema kwamba Mungu anayaweka machozi yetu katika chupa, na yameandikwa kitabuni mwake. Wapendwa, kumbe kuna daftari ambalo halifungwi! Nimweke wapi? Muweke humo.

3. Tumaini letu limeshalipiwa arabuni.

Ukitaka kununua kiwanja au mashua na pesa hazijatimia, unatoa arabuni. Mwenye mali hauzii mwingine tena. Kilichobaki ni kusubiri siku ya kumaliza. Waefeso 1:14 inasema Roho Mtakatifu ndiye arabuni ya urithi wetu. Ile amani inayokujia saa tisa usiku, umelia mpaka umechoka, halafu unasikia kama umeshikwa, usiidharau. Haijamaliza uchungu, ni kweli. Lakini arabuni si bei yote. Ni uthibitisho kwamba Kristo aliyefufuka atarudi kuchukua kilicho chake, na waliolala ndani yake watafufuka.

4. Tukae na mfiwa.

Marafiki wa Ayubu waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo walifanya vyema. Waliharibu walipofungua midomo. Kwetu sisi, siku za matanga nyumba hujaa, harambee hufanyika, mwili huvushwa kwa boti, watu huimba. Baada ya mazishi, viti vikirudishwa, kimya. Hebu tubadilike:

- Mtembelee mfiwa mwezi wa pili, wa sita, na siku ya kumbukumbu.
- Litaje jina la marehemu. Usiogope kumkumbusha, hajasahau.
- Saidia kwa vitendo: unga, karo, maji. Hata makaratasi. Familia nyingi hukwama kwenye cheti cha kifo, akaunti ya benki na hati ya shamba yenye jina la marehemu. Kwa hilo mnitafute, mniletee faili. Hapo shahada yangu ina kazi.
- Ukiona mtu hali, halali, au anasema heri afe, usimwache peke yake. Omba naye, kisha mpeleke kwa daktari. Dawa na maombi havigombani.

Juni iliyofuata nilirudi kwa yule mama. Safari hii sikubeba mahubiri. Nilimwomba tu, "Mama, nisimulie habari za mzee." Akasimulia mpaka giza likaingia: pamba yake, ukali wake, namna alivyoimba vibaya kanisani na kwa sauti kubwa. Akalia. Halafu akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka mwezi wa Juni.

Swali la kujadili kwenye ushirika wa nyumbani: Ni nani mtaani kwako aliyefiwa zaidi ya mwaka mmoja uliopita, na ni lini mara ya mwisho mtu alimuuliza habari za marehemu wake?

Tuombe: Baba wa faraja zote, tufundishe kukaa kimya na wanaolia, na kungoja pamoja nao siku ile utakapofuta kila chozi. Katika jina la Yesu, amina.