Usikope ili utume nyumbani

SWALI

Mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa Enguserosambu, tarafa ya Loliondo. Nilisoma chuo kwa mkopo wa serikali, na huu ni mwaka wangu wa pili kazini, upande wa uhasibu, kwa wakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Mshahara wangu ni 600,000. Nimepanga chumba Kimara kwa 80,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nauli, chakula, umeme na maji vinakula kama 180,000. Nyumbani natuma 150,000, mwezi mwingine 200,000. Mara ada ya mdogo wangu, mara dawa ya mifugo, mara nauli ya kumpeleka bibi hospitali Wasso. Anapiga yeyo, mama yangu, anapiga baba, wanapiga kaka zangu, anapiga baba mdogo, na hakuna anayejua mwenzake ameomba nini. Nikisema sina, naambiwa mji umenibadilisha. Baba aliuza ng'ombe nikasoma sekondari, sasa nitamwambiaje sina? Kodi ilipofika sikuwa na kitu, nikakopa kwenye programu ya simu. Nikalipa, nikakopa tena. Mwenzangu kazini ananishauri nibadilishe namba. Je, ni dhambi kujiokoa kwanza?

Binti wa Enguserosambu, Kimara

JIBU

Kujiokoa si dhambi, lakini namba usibadilishe. Aliyekushauri hivyo anakutakia mema, ila ameona nusu ya jambo. Amekuona wewe unavyochoka, hajawaona wanaokupigia. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja na sijaona ndani yake mzazi mwenye tamaa wala binti mchoyo. Nimeona watu wanaopendana wakigawana mali ambayo mmoja wao tu ndiye anayeujua ukubwa wake. Hapo ndipo shida ilipo. Ukiwaonyesha mali hiyo, na mkakubaliana kiasi kinachoweza kutoka bila kukuangusha, utaendelea kuwa mtoto wa nyumba ile bila kuwa mtumwa wa programu ya mikopo.

Tuanze na hesabu, maana wewe ni mhasibu na naamini kwenu hakuna aliyewahi kuiona. Nyumbani wanajua una laki sita. Kabla hazijakufikia, mchango wako wa NSSF wa asilimia 10 umechukua 60,000. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara, yaani 90,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vya sasa vya Tanzania Bara, ni 24,000. Zinazoingia mkononi ni 426,000. Toa 80,000 za chumba na 180,000 za kuishi, zinabaki 166,000. Mwezi unaotuma 150,000 unabaki na 16,000, na mwezi unaotuma 200,000 umepungukiwa 34,000 hata kabla hujaugua mafua. Kisha kuna mtego ambao wapangaji wengi wa Dar es Salaam wanaujua. Kodi yako ni 80,000 kwa mwezi, lakini hailipwi kwa mwezi, inalipwa 480,000 kwa siku moja, kiasi kinachozidi mshahara wako wote wa mkononi. Kwa miezi mitano fedha ile inakaa kwenye simu ikionekana kama ipo tu haina kazi. Yeyo anapiga, unaitazama, huwezi kusema huna, unatuma. Siku ya mwenye nyumba ikifika unagundua kwamba ulichotuma kilikuwa kodi ya nyumba. Mkopo wa kwanza, binti yangu, haukutokana na anasa. Ulitokana na fedha yenye kazi yake kukaa mahali pamoja na fedha isiyo na kazi.

Sasa tazama jinsi watu wa kwenu wanavyosaidiana kwa mifugo. Wamaasai wana osotua, uhusiano wa kupeana ambao watu wa familia mbalimbali huufunga na kuurithisha watoto. Lee Cronk, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeishi na kufanya utafiti miongoni mwa wafugaji wanaozungumza Kimaasai huko Kenya, ameeleza kanuni zake kwa uwazi. Anayeomba huomba kwa kuwa amepungukiwa kweli, na huomba kiasi kinachomtosha tu. Anayeombwa hutoa, lakini hatoi mpaka boma lake nalo likaanguka. Mwaka 2011 Cronk, akiwa na Athena Aktipis na Rolando de Aguiar, alichapisha matokeo ya kanuni hizo zilipowekwa kwenye kompyuta ili kuona mifugo ingedumu muda gani katika miaka ya ukame na magonjwa. Mifugo ya wanaosaidiana kwa kanuni hizo ilidumu muda mrefu kuliko ya wasiosaidiana. Kwa hiyo anayekwambia kusaidia nyumbani ni ushamba unaopaswa kuachwa hana ushahidi. Kusaidiana kunaokoa. Lakini kunaokoa kwa sababu kuna mpaka, na mpaka huo wazee wenyewe wanaukubali.

Kwa nini basi mpaka huo haufanyi kazi kwako? Kwa sababu ng'ombe wanaonekana na mshahara hauonekani. Mtu akija bomani kuomba mtamba, anaona zizi. Anaona kama kiangazi kimepita na kumaliza, anaona ndama wangapi wamebaki, na aibu ya kuomba kupita kiasi inamzuia kabla hajafungua mdomo. Anayekupigia simu kutoka Enguserosambu haoni zizi lako. Anasikia sauti ya binti aliye Dar es Salaam, mwenye kazi ya ofisini, na anakumbuka laki sita. Tena wanaokupigia hawaonani wao kwa wao, kwa hiyo kila mmoja anaomba kidogo kwa makadirio yake, na wewe unapokea jumla. Hakuna kati yao aliyekosea. Mila imekosa macho tu, na wewe ndiye unayeweza kuipa macho.

Utaniuliza kama kuwaonyesha mali yako na kuweka mpaka kutawafaa na wao pia, au wewe peke yako. Kutawafaa, na pengine wao zaidi. Ukame wa 2009 uliua mifugo mingi sana Kaskazini mwa Tanzania, na kiangazi cha 2021 kuelekea 2022 kikarudia. Loliondo malisho nayo yamebanwa zaidi tangu kilomita za mraba 1,500 zilipowekewa mipaka mwaka 2022 na kuwa Pori la Akiba la Pololeti. Familia ya wafugaji leo inahitaji kipato kimoja ambacho hakingoji mvua, na kwenu kipato hicho ni mshahara wako. Mvua isiponyesha Loliondo, meli zinaendelea kushusha mizigo Dar es Salaam na wewe unalipwa. Thamani yako kwa baba iko hapo, kwamba shida yake na shida yako haziji siku moja. Lakini ukiingia kwenye kiangazi ukiwa tayari na deni, hakuna aliyebaki wa kumwinua mwenzake. Wafugaji hutenga alalili, malisho wasiyoyagusa wakati wa mvua ili yawafae ndama na wanyama dhaifu kiangazi kikija. Hakuna anayemwita mzee mchoyo kwa kuilinda alalili yake. Akiba yako ndiyo alalili ya ukoo wenu, na kila shilingi unayokopa ili utume ni kuilisha ingali mvua inanyesha.

Nenda nyumbani. Mambo haya kwa simu yatasikika kama visingizio. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya siku 28 mfululizo kila mwaka, na wewe umeshavuka mwaka wa kwanza. Iombe mapema, panda basi la Arusha, kisha gari la Loliondo. Nenda na slipu ya mshahara. Mwombe baba kwa heshima akusikilize mbele ya yeyo na kaka zako, na kama baba mdogo yupo naye akae. Waeleze hesabu ile niliyoiandika juu, mstari kwa mstari, kwa Kimaasai. Kisha useme unachoweza. Katika zile 166,000, mimi ningependekeza 80,000 ziende nyumbani kila mwezi tarehe moja isiyobadilika, 30,000 zikae kama fungu la dharura, na 56,000 zibaki kwako, ambazo kwanza zitamaliza deni na baadaye zitakuwa akiba. Waombe wachague mtu mmoja wa kupokea na kugawa. Ningempendelea yeyo, ila uamuzi ni wao. Maombi yote yapitie kwake, na kaka akiwa na shida aanze kumwambia yeye. Wewe nawe 80,000 za kodi uzitoe kwenye simu siku ile ile mshahara unapoingia, uziweke kwenye akaunti ya benki usiyotembea na kadi yake.

Mkiwa mmekaa, pitieni na shida zenyewe, maana baadhi zinaweza kupungua. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 hata kidato cha tano na sita. Kama mdogo wako yuko shule ya serikali, uliza kwa upole kile kinachoitwa ada ni nini hasa. Sare, madaftari, michango na mahitaji ya bweni ni gharama za kweli, lakini zinajulikana mapema, na kinachojulikana mapema hakina haja ya kuja kama moto wa kuzima. Bibi naye atahitaji hospitali tena, umri hausubiri. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Ukiwa huko, fika kituo cha afya uulize utaratibu wa sasa wa kusajili kaya, na kama inawezekana mchango wa mwaka uwe sehemu ya msaada wako. Kulipia bima ukiwa mzima si sawa na kutafuta fedha usiku mgonjwa akiwa juu ya pikipiki.

Najua utasema baba aliuza ng'ombe ukasoma. Ndiyo, na deni hilo ni la heshima, usilikane kamwe. Lakini baba hakuuza zizi zima. Aliuza alioweza kuwauza na boma likaendelea kusimama, vinginevyo wadogo zako wasingekuwa na maziwa. Kumlipa kwa kanuni aliyoitumia mwenyewe ni kumheshimu. Utasema pia wakijua mshahara halisi wataomba zaidi. Kwa sasa wanajua 600,000 ambazo hata wewe huzipati, kwa hiyo ukweli utapunguza matarajio, hautayaongeza. Mwingine atasema dharura haina tarehe. Ni kweli, ndiyo maana kuna fungu la 30,000. Likitumika limetumika, likibaki linaongezeka, na baada ya mwaka wa amani litakuwa 360,000, fedha inayoweza kumsafirisha na kumtibu mgonjwa bila mkopo. Na yakitokea makubwa kuliko hapo, kifo au ugonjwa mzito, fanya kama ambavyo kwenu hufanywa siku zote. Waite ndugu wote, kila mmoja atoe. Msiba haujawahi kuwa wa binti mmoja.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba kupanga kiasi na tarehe kunaugeuza upendo kuwa mkataba, kwamba mtoto hapimi anachompa mama. Naliheshimu neno hilo. Lakini upendo usio na kipimo kwa sasa unakufanya uitazame simu ya yeyo ikiita na kutamani isingeita. Hasara hiyo ni kubwa kuliko shilingi yoyote. Akijua kwamba tarehe ile fedha itafika, hatalazimika kukupigia kuomba, na akipiga utapokea ukijua anataka kukusikia. Wapo watakaonuna mwanzoni, hasa aliyekuwa anapata kwa kuwahi kuomba. Mvumilie, usigombane naye, na usivunje mpango kwa siri kwa ajili yake, kwa sababu ukimtumia mmoja pembeni mara moja, wote watarudi kwenye kuomba pembeni.

Neno la mwisho ni kuhusu mikopo ya simu, ile watu wanayoiita kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Angalia kama uliyotumia imo, na usikope tena humo hata kwa siku moja. Kama wanakutisha au wanawatumia ujumbe watu walio kwenye simu yako, hifadhi ushahidi na ulalamike Benki Kuu na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Deni lililobaki lipe nafasi ya kwanza kwenye zile 56,000 zako mpaka liishe. Na kabla hujapata likizo simu zitaendelea kuja. Pokea, salimia vizuri, sikiliza mpaka mwisho, kisha sema: "Nimesikia, yeyo. Ya mwezi huu nimeshatoa. Nakuja nyumbani, nitakaa na baba tupange wote." Usiongeze kisingizio, na ukikata simu usiende kukopa.