Somo la Mwezi: Ndoana na Chambo vya Bei Nafuu, Jeddah na Riyadh



Wageni wengi wanaofika ofisini kwetu hutuuliza swali moja: siku ya mapumziko niende wapi bila kumaliza mshahara? Kwa waliokulia pwani au ziwani, jibu la haraka ni kuvua kwa mshipi. Ni jibu zuri, ila dukani pesa huondoka upesi, na pesa hiyo ndiyo uliyokusudia kutuma nyumbani.

Mimi nilijifunza kuvua utotoni, Ziwa Tanganyika. Nilipofika Jeddah nilijiona fundi. Nikanunua jigi sita za rangi za kupendeza, na kufika magharibi zote sita zilikuwa zimenasa kwenye matumbawe. Kijana aliyekaa kando yangu alikuwa na mshipi uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki na vipande vya kamba tu. Aliondoka na changu wanne. Yafuatayo ndiyo niliyotamani mtu aniambie asubuhi ile.

1. Soma namba ya ndoana

Pakiti ya ndoana ina namba, na namba hizo huwachanganya wengi. Namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo: namba 10 ni ndogo kuliko namba 4. Ukiona mstari na sifuri, kama 1/0 au 2/0, hapo hesabu hugeuka: 2/0 ni kubwa kuliko 1/0.

Ukivulia ukutani Jeddah, chukua namba 4 hadi 1. Changu na samaki wengine wa karibu na ukuta huidonoa chambo, na ndoana kubwa hubaki tupu. Ndoana za 2/0 na zaidi ni za chewa na kolekole wakubwa. Pakiti moja ya ndoana za kawaida inatosha kwa kuanzia.

2. Jigi: nunua moja au mbili

Jigi ni kipande cha risasi au chuma chenye umbo la dagaa, kikiwa na ndoana. Unakishusha, kisha unakivuta juu na kukiachia, juu na kukiachia, samaki akidhani ni dagaa aliyejeruhiwa. Rangi nyingi za dukani humvutia mvuvi zaidi ya samaki. Maji ya Bahari ya Shamu ni meupe, kwa hiyo rangi ya fedha au nyeupe inatosha. Angalia uzito: gramu 10 hadi 20 zinafaa ukutani. Za gramu 60 na kuendelea ni za mashua na kilindi. Ukutani zitazama na kunasa.

Jigi itumie mahali unapoona mchanga chini. Penye matumbawe tumia chambo.

3. Risasi isiyokutia hasara

Kinachonasa mara nyingi ni risasi. Ifunge kwa uzi mwembamba kuliko mshipi wako. Ikinasa, vuta: uzi mwembamba utakatika, utapoteza risasi na kubaki na ndoana. Badala ya risasi unaweza kufunga nati kuukuu ya chuma. Mshipi wa milimita 0.40 hadi 0.50 unafaa Jeddah.

4. Chambo

Sokoni kamba huitwa jambari au rubyan, ngisi ni habbar. Chambo chenyewe huitwa tuum, na ndoana ni sinnara.

Ngisi ndiye chambo cha mtu mwenye bajeti. Ngozi yake ni ngumu, hukaa kwenye ndoana hata samaki wadogo wakidonoa. Mkate vipande virefu vyembamba kama kidole cha mtoto. Kamba hupendwa zaidi na samaki, lakini huisha haraka. Kamba mmoja mgawe vipande vitatu. Dagaa wabichi ni laini, wafunge kwa uzi wa kushonea. Chambo kikibaki, kitie chumvi na ukigandishe kwa Ijumaa ijayo.

5. Ndugu zetu wa Riyadh

Kutoka Riyadh hadi Jeddah ni kama kilomita 950, hivyo bahari si ya kila wiki. Lakini mna Wadi Hanifah, bonde lililosafishwa kwa mradi uliopata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 2010. Humo wamo samaki jamii ya sato, na ukielekea kusini, upande wa Al-Hair, maji huwa mengi zaidi.

Hapo huhitaji jigi. Tumia ndoana namba 10 au 8, mshipi wa milimita 0.25, kizibo kiwe boya, na bonge la ugali mgumu au mkate uliokandwa, ukubwa wa punje ya mahindi. Gharama ya chambo ni sifuri.

Ila samaki hao warudishe majini. Sehemu kubwa ya maji yale ni maji machafu ya mji yaliyosafishwa. Vua kwa kujiburudisha, na kitoweo nunua sokoni.

6. Yanayoweza kukugharimu zaidi ya pesa

Bunju, yule anayejivimbisha kama mpira, hupenda sana chambo cha kamba. Sumu yake huua, na haiondoki kwa kupika wala kukaanga. Mrudishe majini.

Tasi na ngogo wana miiba yenye sumu. Washike kwa kitambaa kinene au koleo. Ukichomwa, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, usijiunguze, ukae nayo hadi maumivu yapungue, kisha nenda hospitali. Usikanyage matumbawe miguu mitupu: yupo samaki anayefanana kabisa na jiwe, na mwiba wake ni hatari kuliko yote. Gari la wagonjwa ni 997. Riyadh na Jeddah, namba ya dharura kwa jumla ni 911.

Pwani inasimamiwa na walinzi wa mipaka, Haras al-Hudud. Kabla ya kutupa mshipi mahali papya, waulize kama panaruhusiwa na kama unahitaji kibali. Bango likiandikwa mamnuu, ondoka. Ikama iwe mfukoni.

Na hili nawaomba kaka na dada zangu mlizingatie: usiuze samaki. Najua jirani atakupa riyal 20 kwa changu mzuri. Sheria ya kazi hairuhusu mwenye ikama kujifanyia biashara yake mwenyewe, na unaweza kurudishwa nyumbani. Mle na mgawiane.

Kiangazi nenda alfajiri au baada ya magharibi. Kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba serikali hukataza hata kazi za juani kati ya saa 6 mchana na saa 9 alasiri.

Zoezi la wiki hii

Jiwekee kikomo cha riyal 50 kwa kila kitu. Kabla ya kulipa, jibu maswali matatu:

Ndoana hii ni namba ngapi, nami namtafuta samaki gani?
Jigi hii ina gramu ngapi, na pale ninapokwenda chini ni mchanga au matumbawe?
Je, chambo hiki sina tayari jikoni?

Ukishindwa kujibu, rudisha kitu rafuni. Samaki hajui umelipa kiasi gani.