Kuwaombea Wafu na Kuwaomba Watakatifu

JUMANNE

Kila mwaka Kanisa Katoliki huadhimisha siku mbili zinazofuatana: tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, na tarehe 2 Novemba, kumbukumbu ya Marehemu Wote. Siku ya kwanza huwaheshimu watakatifu walio mbinguni, ambao waumini huwaomba wawaombee kwa Mungu. Siku ya pili ni ya kuwaombea marehemu wanaosadikiwa kuwa toharani, wakitakaswa kabla ya kuingia mbinguni.

Desturi hizi zilikua polepole. Katika karne ya pili Wakristo wa Smirna waliikumbuka kila mwaka siku aliyouawa askofu wao, Polikapo. Yapata mwaka 1000 B.K., Odilo, abati wa Cluny huko Ufaransa, aliwaagiza watawa wake kuitenga tarehe 2 Novemba kwa ajili ya wafu. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliyathibitisha mafundisho yote mawili. Ni haki pia kusema kwamba Wakatoliki hutofautisha heshima wanayowapa watakatifu na ibada impasayo Mungu peke yake.

Basi swali letu si kama jirani zetu wanawapenda wafu wao. Wanawapenda. Swali ni hili: Je, wafu wanaweza kutusikia? Je, maombi yetu yanaweza kuibadili hali yao?

Soma Mhubiri 9:5, 6, Zaburi 146:4, na Matendo 2:29, 34. Wafu wanajua nini? Petro alisema Daudi yuko wapi?

Fungu linalotumiwa sana kutetea maombi kwa ajili ya wafu ni 2 Wamakabayo 12:38–45, katika kitabu kisichokuwamo katika Biblia ya Kiebrania. Yuda Makabayo alichanga fedha na kuzipeleka Yerusalemu, ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari waliouawa vitani wakiwa na vitu vya sanamu. Lakini hata hapo, mwandishi anasema Yuda aliwaza juu ya ufufuo. Hataji roho zinazotakaswa kwa moto.

Soma 1 Wathesalonike 4:13–18. Paulo aliwapa wafiwa faraja gani?

Waumini wa Thesalonike waliwahuzunikia wapendwa wao waliolala. Kama maombi ya walio hai yangeweza kuwasaidia wafu, hapa ndipo Paulo angewaagiza waombe. Hakuwaagiza hivyo. Wala hakuwaambia wawaombe waliolala. Aliwaelekeza kwa Yesu aliyekufa akafufuka, atakayewafufua walio wake atakapokuja. Huyo ndiye mpatanishi wetu mmoja (1 Timotheo 2:5).

Ukweli huu humpunguzia mfiwa mzigo mzito. Hana haja ya kujiuliza usiku kama amemwombea mama yake vya kutosha. Mama amelala, hateseki, wala hangojei juhudi za watoto wake. Machozi yanaruhusiwa, kwani Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro (Yohana 11:35). Kisha akamwita Lazaro, naye akatoka.

Rafiki yako Mkatoliki amefiwa, naye anakualika kwenye misa ya kumwombea marehemu. Utamfarijije bila kuudharau upendo wake, na bila kulificha tumaini lako la ufufuo?