Upasuaji wa Kupunguza Unene

Mtu akinenepa tumezoea kumwambia, "Mambo yako mazuri!" Kumbe unene ukizidi sana ni ugonjwa. Huchangia kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti. Wengine hupunguza chakula, hufanya mazoezi, na bado unene hurudi. Baadhi yao hupasuliwa tumbo. Lakini madaktari hawakati namna moja. Je, namna ya kukata inaleta tofauti?

Kwanza tukumbuke njia ya chakula. Tukimeza, chakula huingia katika mfuko wa chakula na kupondwapondwa. Kisha huingia utumbo mwembamba. Humo ndimo mwili unamonyonya nguvu za chakula.

Katika namna ya kwanza, daktari huukata mfuko wa chakula kwa urefu. Huondoa robo tatu au zaidi, na kinachobaki ni chembamba mfano wa ndizi. Mtu hushiba upesi. Tena sehemu iliyoondolewa ndiyo hasa hutoa homoni ya njaa, basi hata hamu ya kula hupungua.

Namna ya pili ilianzishwa na Dk. Edward Mason huko Iowa, Marekani, mwaka 1966. Ilionekana kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa mfuko wa chakula walikonda. Siku hizi daktari hutenga kifuko kidogo upande wa juu, cha kujaa vijiko vikubwa viwili tu. Huvuta utumbo kutoka chini na kuuunga hapo. Chakula hupita njia ya mkato, hakioni tena mfuko mkubwa wala mwanzo wa utumbo.

Nchini Finland, wagonjwa 240 waligawanywa kwa kura kati ya mwaka 2008 na 2010, wengine namna hii, wengine ile. Wakafuatiliwa miaka 10.

Tufanye hesabu. Mtu ana kilo 120, na uzito unaomfaa ni kilo 70. Zimezidi 50. Kwa wastani wa Finland, namna ya kwanza ingempunguzia kilo 22 hivi, ya pili kilo 26. Tofauti ipo, ila si kubwa kama wengi wanavyodhani.

Wote humeza vidonge vya vitamini maisha yao yote, hasa wa namna ya pili. Wa namna ya kwanza husumbuliwa zaidi na kiungulia, na wengine hupasuliwa tena ili wabadilishiwe kuwa namna ya pili.