Kiungulia cha saa nne usiku

*Dada, mimi ni dereva wa daladala, miaka 41, naishi Mbagala. Nikilala tu kifua kinawaka moto, maji machachu yanapanda mpaka kooni, na kuna usiku nashtuka nakohoa. Nimeacha pilipili, maharage na machungwa, mke wangu hajui tena anipikie nini. Mchana ni chai na maandazi. Chakula cha maana ni saa nne usiku nikishakabidhi hesabu, napitia chipsi mayai na soda. Mgongo ukiuma nameza diklofenaki. Jirani anasema ni vidonda vya tumbo, ninywe maziwa au magadi. Nifanyeje?*

Mdogo wangu, kwanza mwambie wifi arudishe maharage jikoni.

Ulichoeleza kinafanana zaidi na kiungulia kuliko vidonda. Vidonda mara nyingi huuma kwenye chembe ya moyo, na vingi huletwa na bakteria au dawa za maumivu. Mtaani kila kinachochoma huitwa vidonda, lakini jibu hutoka kwenye vipimo.

Kati ya umio na tumbo kuna msuli unaofunga na kufungua, mithili ya mdomo wa mfuko wa kamba. Ukilegea, tindikali hupanda. Tumbo lililojaa mno huusukuma msuli huo, na mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni. Wewe unashinda na njaa, saa nne usiku unashindilia sahani ya chipsi mayai, soda inaongeza gesi juu yake, saa tano uko kitandani chali. Tindikali itashukaje? Hata ungekuwa uji mtupu, kwa wingi huo na saa hiyo, nadhani ungekuchoma.

Kwa hiyo mlo mzito uwe wa mchana, gari likiwa kwenye foleni ya stendi: ugali au wali, samaki wa kuchemsha, mchicha, maharage. Mama lishe wapo, na bei yao haizidi sana hiyo ya chipsi. Jioni, kwenye saa moja hivi, tia kitu tumboni, hata muhogo wa kuchemsha au ndizi, ili usifike nyumbani na njaa ya kufukia kila kitu. Ukila saa mbili, lala saa tano. Siku ambayo ratiba imekataa, kula kidogo na mafuta yawe machache. Na ukikaa kwenye usukani, legeza mkanda wa suruali. Tumbo lililobanwa husukuma tindikali juu.

Zile orodha ndefu za vyakula vya mwiko zinazozungushwa kwenye simu sizipendi. Nyanya, ndimu, pilipili, kahawa, chokoleti na pombe huwasumbua wengi, si wote. Acha kimoja kwa wiki mbili, kisha kirudishe uone. Kisipokuchoma, kile kwa amani. Sigara, kama unavuta, haina majaribio: acha.

Maziwa hutuliza kwa muda tu, kisha protini yake huchochea tumbo kutoa tindikali nyingine. Magadi nakukataza. Yana sodiamu nyingi, na mwenye presha huyalipia.

Kitandani, usirundike mito, inakukunja tumbo. Inua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa vipande vya mbao, sentimita 15 hadi 20, na ulalie ubavu wa kushoto.

Hiyo diklofenaki uliyoitaja kwa kupita ndiyo iliyonikunja uso. Inaudhi tumbo, na ukiimeza mara kwa mara inaweza kweli kukuletea vidonda. Mwone daktari kuhusu huo mgongo.

Nenda hospitali bila kusubiri ukianza kumeza kwa shida, kutapika damu, kupata choo cheusi au kukonda bila sababu. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, pamoja na jasho na kukosa pumzi, ni dharura, usiyaite kiungulia. Yasipokuwepo hayo, badilisha mlo kwa mwezi mmoja, na hali ikibaki vilevile nenda kituo cha afya ukapimwe. Wakikuandikia omeprazoli, imeze nusu saa kabla ya chakula cha asubuhi. Wengi huimeza wakiwa wameshashiba, halafu wanasema dawa ni feki.