Vita vya Katanga kwa Njia ya Sakania

Sakania ni mji wa mpaka: reli, forodha, foleni za malori ya shaba na watu wa kubadilisha fedha. Anayekuja kutafuta mahandaki au makaburi ya askari yaliyopangwa safu hatayaona hapa. Hata hivyo, kwa anayetaka kuzuru mahali palipopiganiwa vita vya Katanga, mwaka 1960 hadi 1963, hakuna njia inayoeleweka kuliko ile inayopita Sakania. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa upande wa Kongo. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa upande wa Zambia miezi minane baadaye. Aliyeona pahali pamoja tu amesikia nusu ya habari.

Reli ilifika hapa kutoka Rhodesia mwishoni mwa 1909, na mwaka uliofuata ikaingia Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, alipotangaza tarehe 11 Julai 1960 kwamba jimbo hilo limejitenga na Kongo, kusini kwenye reli hiyo ndiko alikokuwa na marafiki. Januari 1963 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Sakania, na siku chache baadaye utengano ukaisha.

Anzia Lubumbashi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Sakania, na utafute mtembezaji kabla ya kutafuta gari. Hapo ndipo pa kuchagua kwa makini. Sanamu ya Tshombe imesimama katikati ya mji. Kumbukumbu ya Lumumba iko porini. Wako wazee wanaomtaja Tshombe kama baba wa nchi yao, na wako Waluba ambao ndugu zao walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa mjini humo mwaka 1961, makumi ya maelfu ya watu, wakiogopa askari wa huyo huyo Tshombe. Mtembezaji anayesimulia upande mmoja bila kusita ni wa kumkwepa. Mimi ningemchukua mwalimu mstaafu wa historia kuliko kijana mwenye gari zuri. Mwite papa, msalimie kwanza, bei mzungumze baadaye.

Njiani kwenda uwanja wa ndege wa Luano ulizia Villa Brouwez. Ni nyumba ya kawaida ya enzi ya Wabelgiji, na mgeni asiyeambiwa ataipita. Alasiri ya 17 Januari 1961 Lumumba na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, walishushwa Luano wakiwa wamepigwa tangu ndani ya ndege, wakafungiwa humo kwa saa chache, wakateswa. Usiku wakapelekwa porini. Kamera iache mfukoni ukiwa karibu na uwanja wa ndege, askari, daraja au ofisi ya serikali; watu wengi hupoteza nusu siku wakijieleza kwa sababu ya picha moja.

Shilatembo iko kama kilomita 50 kutoka mjini, upande wa barabara ya Likasi. Ondoka asubuhi, urudi kabla ya giza, na ufike kwanza kwa mkubwa wa kijiji. Usitafute kaburi. Watatu hao walipigwa risasi hapa na askari wa Katanga walioongozwa na maofisa wa Kibelgiji, Tshombe na baadhi ya mawaziri wake wakitazama. Baadaye miili ilifukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi, kazi iliyosimamiwa na polisi Mbelgiji, Gérard Soete, aliyejiwekea jino la Lumumba. Ubelgiji ililirudisha jino hilo Juni 2022. Jeneza lake lilipitishwa Shilatembo kabla ya mazishi ya Kinshasa tarehe 30 mwezi huo. Mwombe mtembezaji anyamaze kidogo mkifika. Wengine huhubiri mno.

Ukiwa na siku ya ziada, barabara hiyo hiyo inaendelea hadi Likasi, zamani Jadotville, ambako kikosi cha Waayalandi zaidi ya 150 wa Umoja wa Mataifa kilizingirwa Septemba 1961 na kusalimu amri bila kupoteza mtu. Filamu iliyotengenezwa juu yao mwaka 2016 ilipigwa Afrika Kusini, basi usimsumbue mwenyeji kwa kuuliza majengo uliyoyaona humo.

Kisha ushuke Sakania. Hakikisha viza yako ya Kongo inaruhusu kuingia tena kama utarudi, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, kwa kuwa watu wa uhamiaji, DGM, wataiulizia. Dola ziwe safi. Noti iliyochanika kidogo hukataliwa. Kiswahili kitakusaidia hadi hapa, ingawa Kibemba utakisikia kila kona. Kula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kabla ya kuvuka. Ng'ambo huo ugali utauitisha kwa jina la nshima.

Ndola ni mwendo mfupi. Mahali ndege ilipoanguka ni msituni nje ya mji, na panatunzwa na tume ya urithi ya Zambia, yenye watembezaji wake. Usiku wa kuamkia 18 Septemba 1961 Hammarskjöld alikuwa akija kukutana na Tshombe kutafuta kusimamisha vita kati ya askari wa Umoja wa Mataifa na wa Katanga. Watu 16 walikuwa ndani ya ndege; mmoja tu, Harold Julien, ndiye aliyeokotwa akiwa hai, naye akafa siku chache baadaye. Muulize mtembezaji habari za wachoma mkaa. Hao walisema waliona ndege nyingine angani, na tume ya Rhodesia ikaupuuza ushahidi wao, ikamlaumu rubani. Zaidi ya miaka 50 baadaye Umoja wa Mataifa ulimpa kazi ya kuchunguza upya Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, Mohamed Chande Othman, aliyewasikiliza mashahidi hao kwa uzito na kuona kwamba inawezekana ndege ilishambuliwa au kutishwa na nyingine. Ameeleza pia kwamba zipo serikali ambazo hazijafungua kumbukumbu zao zote.

Nenda kati ya Mei na Oktoba. Mvua zikianza, barabara za Sakania hazina huruma. Na kama unarudi Kongo siku hiyo hiyo, toka msituni mapema, maana foleni ya malori haimjui mtalii.