Gari Linalolia Kwenye Kona

Kutoka mjini Murang'a kupanda kuelekea Kangema na Kiriaini, barabara hainyooki kwa muda mrefu. Nchi imekatwakatwa na mito inayoshuka kutoka milima ya Nyandarua, Mathioya na Maragua ikiwemo, na kati ya mto na mto pana mgongo wa mlima. Unateremka hadi darajani, unakata kona, unapanda, unakata nyingine. Gari lenye kasoro iliyojificha kwenye lami iliyonyooka, huku hujisema lenyewe. Likishaanza kulia, wengi wetu tunalipeleka gereji na sentensi moja tu: "Fundi, kuna kelele nikikata kona." Kwa sentensi hiyo unaweza kununua spea tatu kabla ya kufikia iliyoharibika.

Kwanza tafuta mahali tambarare pasipo watu. Ua wa kanisa siku isiyo ya ibada hufaa, ukipewa ruhusa. Zima redio, teremsha vioo. Kata usukani hadi karibu na mwisho, uzunguke polepole kushoto, kisha kulia. Rudia ukikanyaga mafuta kidogo, halafu uyaachilie. Mwisho simamisha gari na uzungushe usukani injini ikiwa inawaka. Unachotaka kujua ni kama kelele inahitaji gari litembee, kama mafuta yanaiongeza, na kama ina upande inaoupenda.

Ikiwa ni ta-ta-ta-ta inayokwenda mbio kadiri gurudumu linavyokwenda mbio, na inakuwa kali ukikanyaga mafuta, na gari lako linavutwa na magurudumu ya mbele kama Probox nyingi na Vitz, karibu kila mara ni jointi ya CV ya nje. Hicho ni kiungo kilicho mwisho wa shafti, nyuma ya gurudumu. Ndani yake gololi za chuma hutembea kwenye vijia vyake ili gurudumu liweze kupinda huku bado linazungushwa na injini. Gololi hizo huishi ndani ya grisi, na grisi hulindwa na buti, raba yenye mikunjo kama kinanda cha mwomboko. Buti likipasuka, mzunguko hutapanya grisi nje, na nafasi yake huchukuliwa na udongo wetu mwekundu, ambao ukilowa ni tope na ukikauka ni msasa.

Kwa hiyo chungulia nyuma ya gurudumu. Ukiona grisi nyeusi imerushwa ndani ya rimu na kwenye shokamzoba, jibu umelipata. Ukilikuta buti limepasuka na kelele bado haijaanza, una bahati: jointi inafunguliwa, inaoshwa, inatiwa grisi mpya na buti jipya, na bei yake ni ndogo kando ya bei ya jointi. Kelele ikishaanza, gololi zimekwisha kuchimba chuma. Kuna mafundi watakaojaza grisi na kukurudishia gari limenyamaza. Litanyamaza kwa muda tu. Badilisha jointi. Ya mtumba kutoka Japani si dhambi, mradi uishike mwenyewe na kuizungusha, isiwe na mkwaruzo wala kulegea. Na kama gari lako ni matatu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, mbele haina jointi hii, hivyo fundi akikwambia imekufa, mwombe akuonyeshe ilipo.

Mvumo ni jambo jingine. Ukisikia sauti ya chini inayopanda na kasi, tuseme kwenye barabara kuu ya Kenol kwenda Sagana, nayo hubadilika gari linapofuata mapindo, shuku beringi ya gurudumu. Uzito hulalia upande wa nje wa kona: sauti ikizidi unapopinda kulia, anza kukagua kushoto.

Usukani unaolia ngwiii, hasa ukifika mwisho, na gari likiwa limesimama, huenda umepungukiwa na mafuta ya usukani au mkanda umelegea. Jaza aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha utafute yanakovuja, maana hayaishi yenyewe. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana usukani wa umeme. Hayo hayana mafuta ya kujaza.

Pikapu za kubeba majani ya chai zina ugonjwa wao: dereva ametoka kwenye tope, amefika lami, amesahau kuondoa foo-wili. Gari linabana na kurukaruka kwenye kona kali. Hakuna kilichovunjika bado, iondoe.

Mimi niliwahi kulipia beringi nzima. Kelele ilikuwa kokoto iliyokwama kati ya diski ya breki na bati lake la kinga, ikikwaruza krrr. Tangu siku hiyo naomba gurudumu litolewe kwanza.

Sauti nisiyoifanyia mzaha ni mlio wa mlango mkavu, au kishindo cha chuma kutoka chini ya gurudumu la mbele. Inaweza kuwa bushi au linki tu, lakini inaweza kuwa boljointi, na hiyo ikichomoka gurudumu hulala. Usiteremke na gari hilo hadi mtoni. Mwite fundi aje lilipo.

Kukagua, egesha pasipo mteremko, vuta hendibreki, weka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, inua kwa jeki na utie stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini ulitikise: likicheza, ni beringi au boljointi. Shika kushoto na kulia: likicheza huku tu, ni tairodi. Likicheza pande zote, beringi inaongoza.

Kazi ikiisha, dai spea ya zamani mkononi. Kama tairodi au boljointi imeguswa, pitia alaimenti kabla tairi hazijalika upande mmoja. Kisha rudi kwenye ua uleule, teremsha vioo, uzunguke tena kushoto na kulia fundi akiwa ameketi kando yako.